Uso unabanduka: niuloweke kwenye chumvi?

SWALI: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nina miaka 29, naishi Makorora hapa Tanga. Mwaka wa pili sasa uso wangu unabanduka magamba madogo madogo, hasa pembeni mwa pua, kwenye nyusi na juu ya paji. Unawasha, na karibu kila ninachopaka kinanichonyota. Gamba likitoka panabaki weupe weupe. Nimebadili sabuni mara tatu, nikarudi kwenye sabuni ya mche, nikapaka mafuta ya nazi, wapi! Wifi yangu amerudi kutoka Oman na kilo moja ya chumvi ya Bahari ya Chumvi, anasema niloweke uso kila usiku maana ina madini. Mwezi wa pili tulipeleka wanafunzi Amboni, nikanawa yale maji ya moto yanayonuka, na uso ukatulia siku tatu nne. Kwa hiyo nadhani madini yananifaa. Nitumie chumvi hii? Kwa kipimo gani? Halafu kichwani nina mba, sijui kama yanahusiana."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la mba umelitupia mwishoni, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka jambo akiwa mlangoni, na mimi ndilo nililolishika kwanza. Lakini umeniuliza chumvi, basi tuanze na chumvi, maana kilo nzima imo ndani na wifi anasubiri kusikia umeitumiaje.

Chumvi hiyo si uongo. Watu wana sababu ya kuisafirisha kutoka mbali, hata sisi ambao bahari iko mlangoni. Ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu utaona namna kazi inavyokwenda: maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha siku baada ya siku, na chumvi ya kula inatulia chini ikiwa nyeupe. Magnesiamu haina haraka ya kutulia. Inabaki kwenye yale maji mazito machungu yaliyo juu, na hayo humwagwa. Ndiyo maana chumvi ya mawe unayonunua sokoni Ngamiani ni tamu kwa mchuzi lakini magnesiamu yake ni kidogo sana. Bahari ya Chumvi yenyewe haina pa kutokea. Mto Yordani unaingia, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki palepale, karne juu ya karne. Ni kama jaruba moja kubwa ambalo hakuna aliyewahi kulimwaga maji yake machungu. Maji yake yana chumvi karibu mara kumi ya bahari yetu, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni ya magnesiamu na potasiamu, siyo hii ya kutia kwenye ugali wa muhogo.

Ukitaka kujua kama wifi hakuuziwa chumvi ya kawaida iliyovishwa pakiti nzuri, weka chembe moja kwenye ncha ya ulimi. Ikiwa ni ya kweli utasikia uchungu unaong'ang'ania, siyo ule ukali safi wa chumvi ya jikoni. Kisha mimina kijiko kwenye kisosi, uweke kando yake kijiko cha chumvi ya kula kwenye kisosi kingine, uviache vyote dirishani. Kwa unyevu wa hewa ya Tanga vyote vitalowa mwishowe, lakini cha magnesiamu ndicho kitakachotangulia, tena kwa mbali. Magnesiamu inavuta maji hivyo. Sifa hiyo ndiyo iliyowafanya watu waifikirie kwa ngozi kavu.

Na wameipima. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu wenye ngozi kavu ya pumu ya ngozi. Kila mtu aliloweka mkono mmoja kwenye maji yenye asilimia 5 ya chumvi hiyo kwa dakika 15, na mkono wa pili kwenye maji ya bomba. Mkono wa chumvi ulifanya vizuri zaidi: wekundu ulipungua, ngozi ikashika maji vizuri zaidi, ukuta wake ukaimarika. Basi mwenye kuuza chumvi akikuambia imefanyiwa utafiti, hasemi uongo. Anachokiacha ni kwamba ulilowekwa mkono. Na ngozi ile ilikuwa na pumu ya ngozi, jambo ambalo kwa maelezo yako silioni kwako.

Uso si mkono. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko nyingine yoyote mwilini, na uso wako kwa sasa una nyufa usizoziona kwa macho. Umesema karibu kila kitu kinakuchonyota. Hiyo ndiyo ngozi inavyosema kwamba ukuta wake una matundu. Sasa hesabu: asilimia 5 ni gramu 50 kwa lita. Bahari pale Raskazone ina kama gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo ukifuata kipimo cha utafiti ule utakuwa unauzamisha uso kwenye maji makali kuliko ya bahari, kila usiku, huku umebana pumzi na macho umefumba. Hapana, bibie.

Nimewahi kulifanya hilo mimi mwenyewe, ndiyo maana nalisema kwa uchungu. Miaka ya tisini nilikuwa Moshi kwa masomo ya ngozi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo kilichofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya kufundisha matabibu wa ngozi wa ukanda huu. Mimi mtu wa pwani, baridi ya Juni ya Moshi nilikuwa siijui. Mashavu yakakauka, yakabanduka. Nikajiona fundi: nikakoroga chumvi ya mawe kwenye beseni bila kipimo, nikanawa nayo nikisugua kwa dodoki, nikaacha ikaukie usoni ili "ifanye kazi". Asubuhi uso ulikuwa unang'aa kama bati jipya na umebana, nikicheka unauma. Mwalimu wangu hakunipa dawa. Alichukua sahani nyeusi, akadondosha kijiko cha maji yangu ya chumvi, akaiweka dirishani juani. Baada ya chai akaniita. Maji yalikwisha, chembe zimebaki zimeng'ata sahani, na ukipitisha kidole zinakwaruza. Akasema, hizo ndizo ulizolala nazo.

Sahani ile nimewaonyesha wagonjwa wangu miaka yote. Kinacholainisha gamba ni maji: yanaingia kwenye tabaka la juu la ngozi, linavimba kidogo, gamba linaachia lenyewe. Chumvi kidogo ndani ya maji inatuliza mwasho na inazuia ngozi isilowe kupita kiasi. Maji yakikauka juu ya uso, mambo yanageuka. Chembe zilizobaki zinakwaruza, na zinaivuta ile ile ndururu ya unyevu uliyoipata. Kwa hiyo ukitumia chumvi ya aina yoyote usoni, suuza. Anayekuambia uiache ikaukie hajawahi kuiangalia sahani.

Kabla sijaendelea, maana najua wifi hataishia hapo. Chumvi ya pinki inayouzwa ghali mitandaoni inachimbwa Pakistani, na karibu yote, kama asilimia 98, ni chumvi ya kula. Ule urembo wa rangi ni kutu ya chuma. Kwa uso haina la ziada. Chumvi ya haluli, ile ya duka la dawa ambayo wazee walitunywesha kusafisha tumbo, ni magnesiamu pia, ila ya namna nyingine, na ni ya bei nafuu. Kwa kukanda inafaa. Magadi usiyaguse kabisa. Nimekutana na binti aliyeambiwa "chumvi ya madini" akaenda kununua magadi ya kulainishia maharage. Magadi ni makali upande wa pili wa limau, na ngozi ya uso inataka uchachu kidogo. Yatakuunguza.

Sasa turudi mlangoni uliponitupia lile neno.

Mtu wa Lushoto akiniambia uso unabanduka mwezi wa saba, nitafikiria baridi na upepo, nitampa mafuta aende zake. Lakini wewe uko Tanga mjini, mwaka mzima jasho linatiririka, nguo zikianikwa usiku haziwi kavu hadi asubuhi. Uso kukauka tu kwa kukosa unyevu katika hewa hii, kwa mtu wa miaka 29, ni jambo la kutiliwa shaka. Halafu angalia mahali ulipopataja. Hukusema mashavu. Umesema pembeni mwa pua, nyusi na paji, yaani pale pale ambapo uso hutoa mafuta mengi. Gamba likitoka panabaki weupe. Kichwani mba. Ningekuwa mbele yako ningekuomba ugeuze kichwa nikutazame nyuma ya masikio, na ningeweka dau kwamba pana ukoko wa manjano unaonata kidogo.

Mwanangu, huo ni mba. Watu wamezoea kwamba mba ni wa kichwani tu, unaodondoka kwenye mabega ya baibui. Lakini mba huteremka, na usoni ndipo wengi wanapoudhania ukavu. Chanzo chake ni fangasi wa chembe moja, wa namna ya hamira, anayeitwa malasezia. Usishtuke, sote tunaye. Anaishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima na chakula chake ni mafuta. Kwa wengine ngozi haimvumilii: anakula mafuta, anaacha mabaki yanayoiudhi ngozi, ngozi inavimba na kuanza kujimenya kwa haraka. Kwa Wazungu pale panakuwa pekundu, na ndivyo picha nyingi za intaneti zinavyoonyesha. Kwa sisi weusi mara nyingi panakuwa na weupe uliofifia, kama vumbi la chaki. Na wewe mwalimu, sishangai kama uliwahi kudhani ni chaki kweli.

Sasa tazama ulivyokuwa ukiutibu. Umepaka mafuta ya nazi. Nayapenda, nimekulia nayo, na kwa miguu ya mtoto sijaona mfano wake, lakini mafuta ya mimea, ya zaituni yakiwemo, unapoyapaka penye mba unakuwa kama mtu anayemfukuza paka huku anamwekea dagaa. Umenawa kwa sabuni ya mche. Sabuni ile imetengenezwa itoe mafuta kwenye kola za mashati. Inaukausha uso, unabana, unajiona mkavu, unaongeza nazi, fangasi anakula. Mwaka wa pili huo.

Na Amboni? Hapo ndipo barua yako ilinifurahisha. Maji yale ya Galanos, yenye jina la yule mkulima wa mkonge wa Kigiriki, yananuka yai viza kwa sababu ya salfa. Salfa ndiyo kiberiti chenyewe, neno la zamani kabla ya njiti kulichukua. Bibi zetu walikuwa wakienda dukani wanaagiza "kiberiti upele" na kukiponda kwenye mafuta kumpaka mtoto mwenye upele. Ni dawa ya kale na hadi leo iko kwenye sabuni za duka la dawa, kwa sababu inalegeza gamba na inawadhoofisha fangasi wa aina hii. Kwa hiyo ukiniambia uso wenye magamba penye mafuta ulitulia baada ya kunawa maji ya salfa, unanipa ushahidi mwingine wa mba. Umehitimisha kwamba madini yanakufaa. Mimi naona ni salfa peke yake iliyofanya kazi hapo, nayo siyo sifa ya pakiti ya wifi. Na ulivyosema mwenyewe ilikuwa siku tatu nne. Waja leo waondoka leo, kama tunavyojisemea Tanga. Usianze kwenda Amboni kila wiki. Nauli hiyo inanunua dawa.

Dawa ni krimu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ambayo ni dawa ya fangasi. Inapatikana katika maduka mengi ya dawa na si ya ghali. Paka safu nyembamba pembeni mwa pua, kwenye nyusi, kwenye paji na nyuma ya masikio, asubuhi na jioni, wiki mbili hadi nne. Uwe na subira, maana mwasho hutangulia kwisha, gamba linafuata, na weupe ndio wa mwisho kabisa. Rangi inaweza kuchukua wiki nyingi kurudi hata baada ya mba kwisha. Hapo ndipo mabinti wengi wanapokosea. Wanaona rangi haijalingana, wanakimbilia mkorogo "kusawazisha". Krimu nyingi za mkorogo zina steroidi kali ndani yake, yaani dawa za kuzima uvimbe na mwasho. Wiki ya kwanza uso unakuwa laini ajabu, kila mtu anakusifu, na baada ya hapo ukiiacha unawaka, chunusi zinatoka, mishipa inaonekana, na mba unarudi na ndugu zake. Usimpokee muuza duka akikuongezea kijitubu "kidogo tu cha kutuliza". Ikiwa mwasho unakunyima usingizi, tabibu anaweza kukuandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi nyepesi, kwa siku chache, ajue yeye na ujue wewe lini unaacha.

Na kichwa lazima kitibiwe pamoja na uso, la sivyo unadeki sakafu huku paa linavuja. Tumia shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki. Ipake hadi ifike kwenye ngozi ya kichwa, siyo juu ya nywele tu, uache dakika tano ndipo usuuze. Povu linaloteremka liache lipite kwenye nyusi na nyuma ya masikio, ukiwa umefumba macho. Kama umesuka, ndiyo, najua gharama ya rasta, lakini kwa mwezi huu fumua. Na mafuta ya kuchua kichwani yapumzike. Ukishatulia, shampuu mara moja kila wiki moja au mbili inatosha kuuzuia usirudi, maana mba ni mgeni asiyehama moja kwa moja. Hupungua, na ukichoka au ukikosa usingizi wakati wa kusahihisha mitihani utamwona anachungulia.

Sasa, ndani ya mpango huo chumvi ya wifi ina kazi, kazi ndogo ya kulegeza magamba yaliyoshikana ili krimu iingie. Hatuloweki uso. Tunaukanda.

Kwanza jaribu pembeni. Chini ya sikio, pale taya linapoanza, weka kitambaa kilicholowa maji ya chumvi kwa dakika tano, suuza, rudia siku tatu. Pasipowasha wala kuvimba, endelea. Na ukiona pana kidonda kibichi, panapotoka maji au panapovuja damu ulipojikuna, subiri pafunge.

Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, ya kiwango ambacho ungemwogeshea mtoto mchanga. Maji ya bomba yanatosha. Ya kisima cha nyumbani siyapendi kwa hili, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi yake tayari na kipimo chetu kitaharibika. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu, koroga hadi usione chembe hata moja inayozunguka chini. Hiyo ni kama asilimia 1, karibu na chumvi iliyomo kwenye machozi yako, na ndiyo sababu haitakuchonyota sana. Taulo jipya lina nyuzi ngumu. Chukua kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa miaka hadi jina haliwezi kusomeka. Hakuna kitambaa duniani laini kama hicho. Kata kipande, chovya, kamua kidogo kisidondoke, lala chali, ukifunike usoni huku pua ikiwa wazi na macho umefumba. Kikianza kupoa chovya tena. Dakika kumi zote kwa jumla, usizidishe ukidhani unaongeza dawa.

Ukimaliza, suuza kwa maji matupu, mara mbili. Usisugue, usichokonoe gamba kwa kucha. Litakaloachia liachie, lililobaki lina sababu yake. Gusagusa kwa kitambaa kikavu hadi uso ubaki na unyevu kidogo, kisha hapo hapo, kabla ya dakika tatu kwisha, paka krimu ya dawa kwenye maeneo yake. Baada ya dakika chache funika kwa mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, fangasi hayali. Ukiruka hatua hii, bora uruke chumvi yote.

Fanya hivyo jioni mbili au tatu kwa wiki, siyo kila usiku, kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo krimu itakuwa imeshika kazi na chumvi haina tena cha kukupa. Siku nyingine nawa uso mara mbili kwa sabuni laini isiyo na harufu, au maji matupu asubuhi. Najua utaniuliza udhu. Udhu hauna tatizo, ni maji. Tatizo ni sabuni mara tano. Ukitoka kutia udhu usiuache uso ukauke wenyewe kwa upepo wa feni, uguseguse kwa kitambaa. Na mafuta ya mgando yapake baada ya swala ya isha ukienda kulala. Habari za mafuta kuzuia maji yasifike kwenye ngozi ni za sheikh, si zangu. Liwa, manjano na singo viweke kabatini kwa sasa. Sivikatai, vina heshima yake na siku ya harusi ya mdogo wako utajipaka, ila kwenye ngozi yenye nyufa kila kitu chenye unga na harufu ni mchokozi.

Nimekuandikia kama vile nina uhakika, na kwa maelezo yako ninao mwingi, lakini sijakuona. Yapo ambayo yangenibadilisha mawazo. Gamba likiwa limechora duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamesafika, huo ni choa, na steroidi yoyote itaulisha. Ikiwa upele umekaa mashavuni na juu ya pua lakini umeruka ule mkunjo unaoshuka kutoka ubavuni mwa pua kwenda mdomoni, unachachamaa ukishinda juani, na viungo vinauma asubuhi, hapo nafikiria lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na unahitaji vipimo. Mba unaupenda mkunjo ule, lupasi huuruka. Simama kwenye kioo mchana, ujiangalie vizuri hapo. Kukitokea ukoko wa rangi ya asali, usaha, kope kuvimba au homa, usisubiri wiki nne.

Na jingine nalisema bila kukutisha, kwa kuwa nalisema kwa kila mtu mzima anayekuja na mba sugu. Mba mkali unaoenea kifuani na kwapani, usiosikia dawa, wakati mwingine ni njia ya mwili kutuambia kinga imeshuka. Wenye mba wengi hawana VVU. Lakini kama hujapima siku nyingi, pima, ili tuliondoe kwenye hesabu.

Wiki nne zikipita na hujaona nafuu, anzia hospitali ya Bombo. Nenda bila poda, bila wanja wa nyusi, na uso usiopakwa chochote asubuhi hiyo, maana tabibu hawezi kusoma ukuta uliopakwa rangi. Beba mfuko wenye kila ulichopaka tangu mwaka jana, hata vile unavyoona aibu kuvitoa.

Kuhusu kilo ya wifi, kwa wiki hizo mbili utakuwa umetumia vijiko kumi na viwili kwa wingi. Iliyobaki ifunge kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, kwa ile tabia yake ya kulowa. Jumamosi jioni, ukimaliza kufua, mimina maji vuguvugu kwenye beseni, tia konzi moja, utumbukize miguu robo saa. Hapo kipimo kile cha Wajerumani kinakubalika, kwa sababu ngozi ya kisigino inastahimili. Sugua magaga kwa jiwe, suuza, paka mafuta ya nazi kwa wingi unavyotaka, vaa soksi ulale. Ila kama gaga limepasuka hadi nyama inaonekana, acha lifunge kwanza, usije ukanilaumu kwa kelele utakazopiga.